Dada, Hii Gemu Inajicheza Yenyewe?

Kijana alikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Umeme ulikuwa umerudi dakika hiyohiyo na mashine yangu ya kopi ikiwaka huchukua muda wake kama bibi harusi, nikamwambia, "Kaa pale kwenye kompyuta ya mwisho, kuna gemu, ijaribu." Akakaa. Nikajifanya napanga rimu za karatasi huku namtazama kwa pembeni. Kwenye skrini kukawa na giza, kisha mwezi, kisha maandishi: bibi mmoja anasimulia jinsi bahari ilivyomchukua mumewe. Kijana akabonyeza. Yakaja mengine. Akabonyeza. Mengine. Ikafika mahali kidole kinabonyeza chenyewe na macho yameshahamia kwenye simu yake. Kisha akageuka, bila ubaya wowote moyoni, akaniuliza: "Dada, hii gemu inajicheza yenyewe?"

Mwenye gemu alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno.

Nirudi nyuma kidogo. Nina steshenari Ngamiani, Tanga mjini. Kompyuta nne, mashine moja ya kopi, feni inayozunguka ikijisikia. Jirani yangu ukutani ni fundi simu. Mchana anabadilisha vioo na kuchomea upya tundu za chaji. Usiku, miaka mitatu mfululizo na bila kumwambia mtu, alikuwa anatengeneza gemu. Hakusomea popote. Alinunua programu inayoitwa RPG Maker MV siku ya punguzo, akaanza kupanga ramani kigae kwa kigae, kila kigae pikseli 48 kwa 48, kama fundi marumaru. Programu hiyo ilitoka mwaka 2015, na uzuri wake ni kwamba mtu asiyejua kuandika kodi anaweza kujenga mji, kuweka watu ndani yake na kuwapa maneno ya kusema.

Gemu yenyewe ni ya aina ile ya RPG, ambayo unavaa uhusika wa mtu mmoja na kusafiri naye: unaongea na watu, unaokota vitu, unapigana, unajifunza. Ya fundi inamhusu binti anayetoka Tanga kwa miguu, anapita magofu ya Tongoni, anapita Kigombe, anaelekea Pangani kumtafuta kaka yake aliyepanda chombo na hakurudi. Hana panga wala bunduki. Ana furushi la kanga za marehemu mama yake. Kila kanga ina jina lake, na jina ndiyo silaha. Ukikutana na adui unachagua kanga ya kujitanda. Jina likimgusa, anapungua nguvu. Lisipomgusa, unapungua wewe.

Na si mambo ya kulinganisha neno kwa neno. Kuna zimwi la Tongoni ambalo kazi yake ni kumsimanga binti: huna ndugu, huna chombo, nani atakupokea Pangani? Hapo ukijitanda *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*, limekwisha. Mbele kidogo unakutana na simba. Simba kweli, wa manyoya. Dogo mmoja alijitanda kanga ileile kwa kujiamini kabisa, akaliwa. Akapiga meza: "Lakini imetaja simba!" Mwenzake aliyekuwa anachungulia begani akamjibu, "Imesema unamwogopa. Sasa si umemwogopa?" Nilicheka mpaka nikakosea chenji ya mteja.

Siku fundi aliponionyesha, nilicheza kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba. Nikamuuliza wangapi wameshaicheza. Akasema, "Na wewe, watatu." Wa kwanza yeye, wa pili mdogo wake ambaye aliishia Tongoni. Ilikuwa kwenye intaneti kwa miezi saba.

Jina la gemu silitaji. Mwenyewe ameniomba makala hii isiwe tangazo, na baada ya niliyomfanyia kwa jina la kumtangazia, ana haki ya kuomba.

Maana nilijitwika kazi ya kuwa mpiga debe wake. Nilidhani ni kazi rahisi. Kila mtu aliyewahi kusimama stendi anajua mpiga debe anavyofanya: anapaza sauti, anataja njia, anakushika mkono, anakuambia gari inaondoka sasa hivi hata kama dereva bado anakunywa chai. Basi nami nikapaza sauti. Niliituma kwenye makundi yangu yote ya WhatsApp: la ukoo, la kikoba, la tuliosoma pamoja, la harusi moja ambayo wanandoa wana watoto wawili sasa na kundi bado halijafungwa. Yalirudi mapongezi mengi. Hongera sana. Vijana wetu wanaweza. Makofi, makofi, moto, moto. Shangazi mmoja aliandika "Mungu azidi kumfungulia". Siku tatu baadaye tukafungua ukurasa wa takwimu: waliopakua wanne. Wawili kati yao nilikuwa mimi, mara moja kwa simu na mara moja dukani.

Nikatoa shilingi 20,000 zangu kulipia tangazo kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Tulipata alama za kupenda zaidi ya mia tatu, nyingi kutoka kwa watu ambao kurasa zao zilikuwa na picha moja na hazina rafiki. Hakupakua hata mmoja. Tukamwendea kijana mwenye wafuasi wengi anayechambua magemu. Akataka shilingi 150,000, na akaniuliza kama kuna magari ndani yake. Nilipomwambia kuna kanga alinyamaza kidogo, kisha akasema bei ni ileile.

Fundi alikuwa ananitazama tu. Hakunilaumu. Ila jioni moja alisema kitu kilichonichoma: "Dada, unawaita watu wapande gari ambayo hujaangalia kama mlango unafunguka."

Ndiyo tukaanza kumkalisha mtu mmojammoja kwenye ile kompyuta ya mwisho. Sharti lilikuwa moja: sisi tusiseme kitu. Usielekeze, usitetee, usimwambie "subiri inakuja sehemu nzuri." Sijui kama mmewahi kukaa nyuma ya mtu anayetumia kitu mlichokipenda akakipita kama anapita dampo. Ni mateso. Fundi alikuwa anang'ata ukosi wa shati. Yule wa cheti cha kuzaliwa alikuwa wa kwanza, na swali lake likatufungua macho: tangu kufungua gemu mpaka binti aanze kutembea kwa amri yako zilikuwa zinapita dakika kumi na nne. Dakika kumi na nne za bibi kusimulia.

Nikamwambia akate. Akakataa. Tulikaa wiki nzima tunasalimiana tu, shikamoo marahaba yamebaki ya wateja, baina yetu "vipi" na "poa". Baadaye akaniambia yale maneno si ya kutunga. Ndivyo bibi yake mzaa mama alivyokuwa akisimulia, na alishayaandika kabla hata ya kununua ile programu. Gemu nzima ilijengwa ili maneno yale yapate pa kukaa. Sasa hapo utamwambia nini mtu? Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: bibi yako hakuwa anaanza kusimulia kabla hujala, hujaoga, hujatulia kwenye mkeka. Msikilizaji huandaliwa. Huyu wa dukani kwangu amekuja na shida zake za cheti, hana mkeka.

Kilichofanyika, gemu sasa inaanza binti akiwa tayari barabarani, furushi kichwani. Ukibonyeza mshale anatembea. Sauti ya bibi inakuja vipande vipande, kila anapolala chini ya mti. Dakika zilezile kumi na nne, zimetawanywa kwenye saa sita za mchezo. Hakuna neno lililokatwa. Fundi anasema ni yeye aliyepata wazo hilo, na mimi nasema ni mimi, tumekubaliana kutokubaliana.

Kisha ukubwa. Faili la kupakua lilikuwa na megabaiti 460. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni kama kumwambia mgeni aje na kiti chake. Nilidhani ni gharama ya picha zake alizochora, kumbe hapana. RPG Maker inakuja na ghala lake la picha na muziki wa tayari, na ukitengeneza mradi mpya ghala lote linaingia: majumba ya Ulaya, vyombo vya angani, mazimwi ya barafu, nyimbo ambazo hakuna anayezipiga. Fundi alikuwa amebeba vyote hivyo miaka mitatu. Wakati wa kutoa gemu kuna kisanduku cha kuweka alama ya vema ili vitu visivyotumika viachwe nje. Alama moja. Tukashuka mpaka megabaiti 81. Hatukuongea kwa dakika nzima.

Baada ya hapo nikataka ichezeke ndani ya kivinjari, bila kupakua kitu. MV inaruhusu, kwa sababu chini yake ni JavaScript, lugha ileile ya kurasa za wavuti. Tulikuwa tunatumia itch.io, mtandao ambao mtu anaweka gemu yake bila kuomba ruhusa ya mtu na kwa bei anayotaka, hata bure. Wana masharti yao kwa gemu za kwenye kivinjari: faili zisizidi 1,000 na zikifunguliwa zote zisizidi megabaiti 500. Tulikuwa ndani ya masharti. Tukapandisha, tukafungua, binti akatokea, akatembea hatua nane, skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe kwamba picha fulani imeshindikana kupatikana.

Kwenye kompyuta ya fundi ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Tulihangaika siku mbili. Mwisho mdogo wake, yuleyule aliyeishia Tongoni, ndiye aliyeona: faili liliitwa *Mnazi*, kwa M kubwa, na ndani ya gemu lilikuwa limeandikwa *mnazi*. Windows haijali. Seva ya wavuti inajali. Kwake hayo ni majina mawili tofauti, kama Juma na Jumaa. Tukapitia picha na sauti zote, mia tano na kitu, mmoja anasoma, mwingine anasahihisha, wa tatu analeta kahawa na kashata. Kama kuna kijana anayesoma hapa na anatengeneza gemu kwa RPG Maker, nakuomba anza leo kuandika majina ya faili kwa herufi ndogo tupu. Utanikumbuka.

Picha ya mbele nayo tuliibadilisha. Ya zamani ilikuwa mwezi juu ya bahari, nzuri lakini ilifanana na kalenda ya benki. Mtu anapopita haraka kati ya mamia ya gemu anaona kipicha cha pikseli 315 kwa 250 tu, basi. Fundi akachora kanga imetandazwa yote, pindo nne, mji katikati, na katikati ya mji yule binti amesimama mdogo kama punje. Watu wakaanza kubofya. Si wengi. Ila wale waliobofya walikuwa wanakaa.

Hapo nikajiona nimeshaiva, nikaamua sasa tuivushe bahari. Nitaitafsiri kwa Kiingereza.

Nilikuwa na mfano kichwani. Kuna gemu inaitwa OFF, ilitolewa mwaka 2008 na Mbelgiji anayetumia jina la Mortis Ghost, imetengenezwa kwa RPG Maker 2003, na ilikuwa kwa Kifaransa. Kwa wale wasiojua Kifaransa ilikuwa kama haipo. Walioivusha hawakuwa kampuni, walikuwa mashabiki walioamua kuitafsiri bure, na baada ya hapo ikasambaa mno: watu wakachora wahusika wake, wakashona mavazi yake, wakaandika hadithi juu ya hadithi. Mwaka 2025 ikatengenezwa upya na kuuzwa kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, na kwenye mashine ya kuchezea ya Nintendo Switch, miaka kumi na saba baada ya kutolewa bure. Mtu akiniambia msaidizi hana kazi kwenye sanaa ya mwenzake, nafikiri juu ya watafsiri wale.

Kutafsiri gemu si kama kutafsiri barua. Kisanduku cha maneno kwenye MV kina mistari minne, na mstari ukizidi haushuki wenyewe. Unaendelea kulia mpaka unatoka nje ya kisanduku na kupotea. Kwa hiyo unatafsiri huku unahesabu herufi kwa kidole. Hilo niliweza. Kilichonishinda ni kanga. Chukua *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Nilikuwa na matoleo kumi na moja kwenye daftari, na kila moja lilikuwa ama linatafsiri nyota linaacha kijembe, ama linatafsiri kijembe linaacha nyota. *Japo sipati tamaa sikati* kwa Kiingereza ikawa kama maneno ya mfanyabiashara wa semina. Mwisho tuliamua majina ya kanga yabaki kwa Kiswahili hata kwenye toleo la Kiingereza, na binti apewe jirani wa kufuatana naye, mama wa makamo anayesema pembeni jambo la kusaidia: huyu aliyenipa kanga hii tuligombana miaka miwili, mambo kama hayo. Mchezaji wa Ohio aelewe kwa umbea.

Na hapo, katika kufurahia ujanja wangu, ndipo nilipoharibu.

Nilifikiri: kama wageni wamesaidiwa, na hawa vijana wetu wasaidiwe. Maana nilikuwa nimeona wanavyokwama. Mtoto wa kidato cha pili Tanga, mji wa taarabu na mafumbo, hajui maana ya *Umdhaniaye ndiye siye*! Nikamshawishi fundi aweke kamusi ndani ya gemu. Unabonyeza kitufe, kila kanga inakueleza maana yake na itumike kwa adui gani. Alisita. Nikamwonyesha idadi ya walioacha katikati. Akaweka.

Kwa takwimu ilikuwa ushindi. Waliokuwa wanakwama Kigombe sasa wanafika Pangani. Lakini dukani kukawa kimya. Awali kwenye ile kompyuta ya mwisho kulikuwa na mchezaji mmoja na mabega matano nyuma yake, kila mmoja na tafsiri yake, wanabishana kama wako kijiweni. Sasa mchezaji anakaa, anabonyeza kamusi, anapita, anamaliza, anasema "kali," anaondoka. Wale wa nyuma wakakosa kazi. Ndani ya wiki tatu walikuwa wameacha kuja.

Nilimsikia mmoja anamwambia mwenzake nje: "Ile? Nimeimaliza, rahisi." Kwa sauti ya mtu ambaye hatairudia wala hatamwambia mwingine.

Nikakumbuka Yume Nikki. Hiyo ni gemu ya Kijapani ya mwaka 2004, nayo ya RPG Maker 2003, ya mtu anayejiita Kikiyama ambaye mpaka leo watu hawamjui ni nani. Binti analala, anatembea ndotoni, anaokota vitu. Karibu hakuna maneno ndani yake. Hakuna anayekuambia ufanye nini wala kilichoonekana kina maana gani. Kwa hesabu za mpiga debe kama mimi ingetakiwa kufa siku ya kwanza. Badala yake watu waliozunguka humo peke yao usiku walitoka asubuhi wana maswali, wakaanza kuulizana, na katika kuulizana wakawavuta wengine. Fundi ndiye aliyeniambia habari zake, mwanzo kabisa tulipojuana. Nilikuwa nimesikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za mpira wa nchi za watu.

Nilikwenda kwake na soda mbili, nikamwambia atoe kamusi. Hakusema "nilikuambia". Alisema, "Niache chupa hii niimalize kwanza."

Kwa hiyo Kiingereza kina yule jirani mmbea, na Kiswahili hakina chochote. Ukikwama umekwama. Nenda kaulize.

Na wakaenda kuuliza. Hili sikulitegemea kabisa. Vijana walianza kurushiana gemu kwa Xender, simu kwa simu, shuleni na kwenye vijiwe vya bodaboda, kwa hiyo ukurasa wetu wa takwimu haukuona kitu. Ulikuwa unaonyesha wapakuaji sabini na kitu wakati mimi mtaani kwangu peke yangu nimeshawasikia zaidi ya hao. Tulijua kwa njia nyingine. Mwishoni mwa gemu, kaka akishapatikana, binti anafungua kanga ya mwisho ya furushi, na jina lake halijaandikwa popote pengine. Ni la kutunga, la fundi mwenyewe. Basi mtu anaingia dukani kwangu kununua kalamu, halafu akipokea chenji analisema lile jina taratibu, anatabasamu, anaondoka. Wa kwanza alikuwa dereva wa bodaboda. Wa pili mwalimu. Nilianza kuwaandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma.

Kutoka nje napo zilikuja barua. Toleo la Kiingereza lilileta wachezaji wachache wa Ulaya na Marekani, waungwana, mmoja alituandikia kurasa mbili kuhusu simba. Lakini barua zilizokuwa ndefu zaidi zilitoka Muscat, kwa mama mmoja ambaye mwanawe aliiona gemu kwa Kiingereza akamwonyesha, naye akaibadilisha lugha palepale. Hakuwa na neno lolote kuhusu mapigano. Alitaka kujua kwa nini *Wema hauozi* tumeiweka kwenye kanga nyekundu, wakati aliyoiacha kwao Unguja ilikuwa ya manjano. Tulijibizana naye wiki nzima. Fundi akaibadilisha rangi.

Sijui kama hii ndiyo hadhira niliyokuwa naitafuta. Nilipoanza nilikuwa na picha ya namba inayopanda. Kuna gemu nyingine ya RPG inaitwa Undertale, ilitoa kionjo mwaka 2013, miaka miwili kabla ya gemu kamili, na kionjo kile kikaijengea watu wanaoisubiri. Nami nilitaka hivyo, tukatengeneza kionjo chetu kinachoishia mlangoni mwa Tongoni, na kimepakuliwa mara 212. Kwa dunia ya magemu hiyo ni mbu. Steam hatujakwenda, ada yao ni dola 100 kwa kila gemu, na fundi anasema kwa hela hiyo ananunua mashine mpya ya hewa ya moto, ambayo angalau inarudisha. Namwelewa. Bado namsumbua.

Wiki iliyopita, Alhamisi, aliingia mama mtu mzima na mjukuu wake wa kiume anamvuta kama mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wewe ndiye mwenye gemu?" Nikamwambia mwenyewe yuko jirani, nikamwita. Fundi akaja na bisibisi mkononi. Mtoto alikuwa anaangalia sakafu.

"Huyu," bibi akasema, "kanisumbua siku nne. Bibi kanga hii maana yake nini, bibi hii aliyekupa nani, bibi ulimfanya nini. Nimemwambia mambo ambayo hata mama yake simwambii." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akapumua. "Halafu akanionyesha hiyo *Usisafirie nyota ya mwenzio* mliyochora. Mwanangu, ile mji wake si maua. Ni korosho. Ninayo."

Fundi akafungua kinywa, akafunga. Picha ya kanga ile ndani ya gemu ni alama ya pikseli 32 kwa 32. Korosho pale zingekuwa vidoa vitatu. Nilimwona anataka kueleza hilo, nikamkanyaga mguu.

Bibi akafungua pochi, akatoa kitu kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akafungua mfuko, na kanga ikatoka, imekunjwa mara nyingi, imepauka mikunjoni, inanuka udi. Akainuka mwenyewe, akanyanyua kifuniko cha mashine ya kopi, akaitandaza juu ya kioo na kuinyoosha kwa viganja vyote viwili, mji chini, jina likiangalia huku. Mjukuu akasogea kusoma. Bibi akashusha kifuniko taratibu, akanigeukia.

"Kopi moja shilingi ngapi?"